Paka namba 400

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari ya Minamata, mji wa pwani kusini mwa Japani. Watu wake walikula samaki asubuhi na jioni. Miaka ya 1950 paka wao walianza kutetemeka na kuzungukazunguka kama waliopandwa na pepo, wengine wakajitosa baharini. Halafu wakaugua watoto. Tarehe 1 Mei 1956, Daktari Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, alipeleka taarifa: kuna ugonjwa wa neva ambao hakuna anayeujua.

Sumu ilikuwa zebaki, na ilimwagwa baharini na kiwanda hichohicho. Ikishaingia kwenye mnofu wa samaki haionekani, hainuki, wala haitoki kwa kuoshwa au kukaangwa. Basi utaijuaje?

Mkemia hukata kipande cha mnofu, hukipima uzito, kisha hukipasha moto ndani ya asidi kali mpaka nyama yote iyeyuke. Huongeza dawa inayoitoa zebaki ikiwa mvuke, na mvuke huo huupitisha mbele ya taa. Sikilizeni hapa, maana ndipo penye uhondo: kila elementi ina mwanga wake inaoumeza. Zebaki humeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7, ambao macho yetu hayauoni. Mwanga ukifika upande wa pili umepungua sana, ujue zebaki ni nyingi. Risasi na kadimi nazo hukamatwa kwa mwanga zinaoumeza, na hata zinki, ambayo miili yetu inaihitaji kidogo.

Samaki mkubwa hula wadogo wengi, na zebaki ya wote hubaki kwake. Ndiyo maana papa huwa nayo nyingi kuliko dagaa. Kipimo cha kimataifa kinaruhusu miligramu 1.2 za methili-zebaki, aina ya zebaki inayokaa mwilini mwa samaki, katika kilo moja ya jodari, na 1.6 katika papa. Dagaa, wanangu, kuleni.

Turudi kwa daktari. Mwaka 1959 alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Paka huyo, aliyeandikwa namba 400, akaanza kutetemeka na kuzunguka kama wale wa mtaani. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto nao walitaja zebaki. Lakini wakubwa wa kiwanda walimzuia Hosokawa, na habari za paka yule zikafichwa. Mahakama ilizisikia mwaka 1970 katika kesi dhidi ya kiwanda, daktari akiwa mgonjwa kitandani. Hilo ndilo linaloniuma: jibu lilikuwapo, likafungiwa, na watu wakaendelea kula samaki.

Zebaki ilimwagwa mpaka 1968. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi wamezidi 2,200, na wengine wao walipata sumu hiyo wakiwa bado tumboni mwa mama zao.