Kinyozi Hajinyoi: Programu Nazo Zahitaji Wakaguzi

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Walimu na wanafunzi hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo, kwani mtihani wa kitaifa hausahihishwi na mtahiniwa mwenyewe wala na mwalimu aliyemfunza. Utaratibu huo haumaanishi kwamba mwalimu ni mwongo. Umewekwa kwa sababu jicho lililoizoea kazi yake haliioni dosari iliyomo. Ajabu ni kwamba katika kampuni nyingi changa zinazounda programu za tarakilishi, fundi aliyeiandika programu ndiye huyo huyo anayeijaribu na kuitangaza kuwa salama.

Jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, Wakenya wamezoea kulipa karo, kununua bidhaa na kuwatumia wazee pesa kijijini kwa njia ya simu. Programu yoyote ya malipo ikikosea, anayeumia ni mzazi ambaye pesa zimetoka kwake lakini hazijafika shuleni. Ndiyo maana kijana aliyeajiriwa katika kampuni isiyo na wakaguzi wa programu ana wajibu wa kuwaendea wakuu wake na kupendekeza kitengo cha kazi hiyo. Swali ni je, aende na hoja gani?

Kwanza ayajue majibu atakayopewa. Ataambiwa kwamba mafundi wa kampuni ni hodari na hawahitaji kuchungwa. Jibu hilo ni kongwe. Katika miaka ya 1960, Bi Margaret Hamilton aliongoza kundi la wataalamu wa MIT, nchini Marekani, walioandika programu za kuelekeza vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Siku moja bintiye mdogo alichezea mtambo wa kuigiza safari, akaiita programu ya maandalizi ilhali chombo kilichukuliwa kuwa tayari kimo angani. Mtambo ukakwama. Mama huyo akataka kuongeza kinga dhidi ya kosa hilo, lakini akakataliwa kwa hoja kwamba wanaanga wamefunzwa barabara na hawawezi kukosea hivyo. Mnamo Desemba 1968, Apollo 8 ikiwa safarini, mwanaanga Jim Lovell alilitenda kosa lilo hilo, na taarifa za mwelekeo wa chombo zikafutika. Ilibidi zirejeshwe upya huko huko angani. Ni baada ya hapo ndipo pendekezo la Bi Hamilton lilipopata masikio.

Jibu la pili litakuwa kwamba programu hiyo imetumika siku nyingi bila tatizo. Hilo nalo lina historia yake. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za utafiti. Sekunde zipatazo 40 baadaye ikasambaratika. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vyema. Roketi mpya ilienda kwa kasi kubwa zaidi, tarakimu moja ikazidi nafasi iliyotengewa, na mtambo wa kuongoza roketi ukazimika pamoja na ule wa akiba, kwani yote miwili ilitumia programu ile ile. Hakuna aliyekuwa ameijaribu sehemu hiyo kwa mwendo halisi wa Ariane 5.

Hata hivyo, visa vya kutisha havitoshi. Mkurugenzi ana mishahara ya kulipa na wateja wa kutosheleza, naye hushawishika kwa hesabu kuliko kwa hofu. Kwa hivyo mwombaji aorodheshe hitilafu zilizowafikia wateja katika miezi mitatu iliyopita, saa ambazo mafundi walitumia kuzirekebisha, na pesa zilizorudishwa kwa waliolalamika. Asidai idara nzima kwa mkupuo mmoja. Aombe mtu mmoja, programu moja na muda maalumu, kisha hesabu ilinganishwe kabla na baada. Haba na haba hujaza kibaba. Ila asikubali jambo moja: mkaguzi kuwekwa chini ya mkuu yule yule anayeharakisha programu itoke, kwani hapo atakuwa mkaguzi wa jina tu.

Wapo watakaosema kwamba kitengo hicho kitawafanya waandishi wa programu wazembee, wakijua kuna mwingine wa kuokota makosa yao. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kuagiza kila mwandishi aijaribu kazi yake kwanza kabla ya kuikabidhi, kama vile mwanafunzi mwema anavyoisoma insha yake kabla ya kuiwasilisha. Mwombaji naye awe mkweli: asiahidi programu isiyo na kasoro. Majaribio huweza kuonyesha kwamba kosa lipo. Hayawezi kuthibitisha kwamba halipo kabisa. Anayeahidi zaidi ya hapo atakosa kuaminiwa hitilafu ya kwanza itakapojitokeza.

Hapa ndipo walimu wanapoingia. Shule zetu hufundisha ripoti na memo katika insha za kiuamilifu, lakini mara nyingi mwanafunzi hukariri muundo na kusahau kwamba maandishi hayo yana kazi ya kufanya. Mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa somo la tarakilishi washirikiane: wanafunzi waijaribu programu iliyoandikwa na wenzao, wahesabu kasoro, kisha wamwandikie mwalimu mkuu ripoti ya kurasa mbili yenye pendekezo moja linalotekelezeka. Atakayezoea kufanya hivyo akiwa kidato cha tatu hatatetemeka atakapoitwa mbele ya bodi ya wakurugenzi.