Suruali Moja, Miguu Miwili

Mtoto wa kisiwa cha Ndau, Lamu, akiandika insha ya Kiingereza kwamba suruali yake imechanika, hukutana na wino mwekundu. Ameandika "my trouser is torn". Mwalimu anataka "my trousers are torn". Mtoto anabaki kushangaa. Suruali ni moja, ilinunuliwa moja, na sasa imeanikwa moja kwenye kamba. Huo wingi umetoka wapi?

Swali hilo lina akili ndani yake, na halistahili kujibiwa kwamba ndivyo Kiingereza kilivyo. Lugha hiyo ina kundi la majina yanayotumika kwa wingi tu: trousers, shorts, scissors, spectacles, pliers. Mengi ni ya vitu vyenye pande mbili zinazofanana, zilizoungana mahali pamoja. Kiingereza kimehesabu pande, kikakiacha kile kiungo cha katikati. Matokeo yake, Mwingereza anayetaka kutaja suruali moja husema "a pair of trousers", jozi ya suruali. Ndau, ukimwagiza mtu jozi ya suruali, atakuletea mbili.

Historia inaeleza kiasi. Ulaya ya zama za kati, wanaume wengi walivaa miguu ya nguo iliyotengana, kila mguu na kipande chake. Neno breeches, jina jingine la suruali, lina kisa cha ajabu zaidi. Katika Kiingereza cha kale umoja ulikuwa brōc na wingi brēc. Baadaye watu wakasahau kwamba brēc ni wingi tayari, wakaipachika alama ya wingi mara ya pili.

Lakini umbo la kitu peke yake haliamui. Mjerumani huvaa Hose, hukata kwa Schere, husomea Brille, na yote matatu ni umoja. Mfaransa ana pantalon moja, ila mkasi wake, ciseaux, ni wingi.

Na suruali yenyewe? Neno hili lilitujia kupitia Kiarabu, nacho kililipata kwa Waajemi. Waarabu wana sirwāl, na pia sarāwīl, ambayo kwa sura ni wingi ingawa hutajwa kwa vazi moja. Sibawayh, mwanasarufi mkuu wa karne ya 8, aliliona tatizo hilo, akaeleza kwamba sarāwīl ni neno la kigeni lililoarabishwa, na ni kitu kimoja. Mtoto wetu ana mwenzake wa tangu zamani.

Kiswahili hakitazami miguu ya suruali. Kinatazama neno limeingia ngeli gani, kisha upatanisho unafuata: suruali hii imechanika, suruali hizi zimechanika. Wakati mwingine hata kiambishi hakisikilizwi. Mashua huanza na ma-, kama mawe na majani, lakini hakuna baharia anayetafuta "shua". Mashua ni moja, na upatanisho wake ndio shahidi: mashua hii imetia nanga.

Utamu zaidi uko kwenye miwani na mizani, vitu ambavyo Kiingereza huviita spectacles na scales, wingi mtupu. Kwetu vyote viwili huanza na mi-, kama miti. Ukisema "miwani yangu imevunjika", sentensi haifichui siri yoyote, kwa sababu i- hutumika kwa wingi wa miti na pia kwa umoja wa nyumba. Msubiri mtu ahesabu. Akisema "miwani mbili", si "miwani miwili", amekwisha kuhukumu: mi- hiyo si kiambishi cha wingi, ni sehemu ya jina.

Mkasi ulifika kama miqaṣṣ ya Kiarabu, ukapewa wingi wa mikasi bila mabishano. Wapo pia wasemao makasi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba tumesalimika na majina yasiyo na umoja. Tuna maji, maziwa, mate, manukato. Mafundi wa tanga wanajua kwamba tanga moja ni la chombo, lakini msibani hukaliwa matanga, na matanga hayo hayana umoja.

Maneno ya Kiingereza yanapovuka kuja kwetu, alama yao ya wingi mara nyingi hugeuka nyama ya neno. Soksi imekuja na s yake ya wingi, ila sisi tunasema soksi moja haionekani, wala hatuhisi kosa. Ndivyo ilivyo kwa jinzi na chipsi.

Kisa kizuri kuliko vyote kimetokea Lamu kwenyewe. Ufuo wa Kiwayu, jirani wa Ndau, hupokea ndara zilizobebwa na bahari, nyingi zikiwa za upande mmoja, wenzake wamepotelea mbali. Kiingereza huziita flip-flops, mbili mbili. Mafundi wa Lamu wakaunda chombo cha mita 9 kwa plastiki iliyotumika, wakakivalisha vipande vya ndara kama 30,000, kikashushwa majini Septemba 2018. Mapema 2019 kilisafiri hadi Unguja. Jina lake ni Flipflopi: s ya wingi imeng'olewa, i ya Kiswahili ikapachikwa, na maelfu ya ndara zisizo na wenzake yakawa jahazi moja.