Bei ya Mashine Iwe ya Mahali: Kupanga Gharama za Rasilimali katika Kubernetes

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini taasisi inayomiliki kompyuta zake haina budi kujipangia bei ya rasilimali za kompyuta hizo, badala ya kupokea bei zilizotiwa katika programu tangu mwanzo. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Hata hivyo, idara za lugha nazo hukusanya matini na sauti, na mara nyingi huzitunza katika mashine zinazotumiwa na idara nyingi. Anayeshiriki chombo hushiriki gharama, naye ana haki ya kujua hesabu yake imetoka wapi.

2. Mshika usukani asiyejua fedha

Kubernetes ni programu iliyotangazwa na Google mwaka 2014. Kazi yake ni kugawa shughuli nyingi katika kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama mashine moja. Jina lake ni la Kiyunani, na maana yake ni mshika usukani. Shina hilohilo, kwa kupitia Kilatini, limetuletea neno gavana.

Mshika usukani huyu hajui fedha. Anajua viini vya prosesa na gigabaiti za kumbukumbu tu. Fedha huingizwa na programu nyingine, kama vile OpenCost, ambayo huzidisha kiasi, saa na bei. Kiasi kinachohesabiwa ni kile kilichoombwa au kile kilichotumiwa, kwa kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Ni sawa na mfanyabiashara aliyekodi nafasi ya magunia 20 katika boti itokayo Kalundu. Akipakia magunia 8, atalipia 20, kwa kuwa amewazuia wengine. Akipakia 25, atalipia 25.

3. Bei za awali zimetoka wapi?

Mashine zikiwa za kukodi, OpenCost huweza kusoma orodha ya bei ya mwenye mashine. Zikiwa za taasisi yenyewe, hakuna orodha ya kusoma. Programu hurudia bei zilizomo katika faili yake: dola 0.031611 kwa kiini kimoja kwa saa, na dola 0.004237 kwa gigabaiti moja ya kumbukumbu kwa saa. Bei hizo zilikadiriwa kutokana na kituo cha Google kilichoko Iowa, Marekani. Wala hazijui ushuru uliolipwa mpakani, wala mafuta ya jenereta umeme wa SNEL unapokatika.

4. Namna ya kupanga bei

Tuchukue mfano wa kubuni wa chuo kilichoko mtaa wa Kimanga, mjini Uvira. Chuo kina mashine moja yenye viini 16 na gigabaiti 64 za kumbukumbu. Pamoja na usafiri na ushuru, iligharimu dola 4,800, na inatarajiwa kudumu miaka 4, yaani saa 35,040. Hiyo ni dola 0.137 kwa saa. Tuseme umeme na mafuta ni dola 0.10 kwa saa, na betri pamoja na fundi dola 73 kwa mwezi, yaani 0.10 kwa saa. Jumla ni dola 0.337.

Jumla hiyo yapasa kugawanywa baina ya prosesa na kumbukumbu. Njia nyepesi ni kufuata uwiano wa bei za awali, ambao kwa mashine hii ni takriban 65 kwa 35. Tunapata dola 0.0137 kwa kiini na 0.0018 kwa gigabaiti. Kwa bei za awali mashine nzima ingehesabiwa dola 0.777 kwa saa, zaidi ya maradufu. Kwa hesabu hiyo wakuu wa chuo wangeweza kuamua kwamba mashine yao ni ghali mno, wakahamishia sauti za wazee waliorekodiwa katika kituo cha mbali, kwa sababu ya tarakimu isiyowahusu.

Bei mpya huandikwa katika faili ya mipangilio ya OpenCost. Tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, ihakikishwe kama nafasi inayojazwa yataka bei ya saa au ya mwezi, kwa kuwa mwezi huhesabiwa kuwa saa 730 na kosa hapo laweza kuzidisha hesabu mara 730. Pili, nafasi isiyoombwa na mtu nayo hula umeme. Wahusika wakubaliane mapema nani ataibeba.

5. Suala la istilahi

Makubaliano hayo yataka maneno yasiyogongana. Bei hupangwa, gharama hutokea. Kiasi kilichotengewa idara tungeweza kukiita mgao, lakini Tanzania mgao wa umeme ni kukatiwa umeme kwa zamu, na msomaji wa huko aweza kudhani idara imenyimwa. Twapendekeza fungu, neno ambalo tayari linabeba maana ya sehemu ya mtu katika kitu cha pamoja. Bei zilizokuja na programu ziitwe bei za awali, na zilizopangwa na taasisi bei za mahali.

6. Hitimisho

Bei iliyomo katika programu ni kauli ya mtu fulani kuhusu mahali fulani. Taasisi isiyoandika bei yake husomewa hesabu ya Iowa. Na kwa kuwa mafuta na ushuru hubadilika, bei za mahali zapasa kupitiwa upya mara kwa mara, mbele ya idara zote zinazozilipa.