Asilimia Zinazopotea Njiani

Kila kunapokaribia masika na vuli, ramani moja huzunguka kwenye simu za wakulima wa Bomet na Kericho. Inapotoka Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, Nairobi, huwa na maelezo yake na asilimia zake. Ikifika kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji wa Ndanai, mara nyingi imeshakatwa kando, asilimia hazipo, na mtu ameandika juu yake: mvua kubwa inakuja, jipangeni. Modeli iliyozaa ramani hiyo haikusema hivyo.

Modeli ya tabianchi ni programu ya kompyuta inayokokotoa mwendo wa hewa na bahari: joto, unyevu, upepo, kanieneo, hatua baada ya hatua, kuanzia leo hadi miezi au miaka mingi ijayo. Udhaifu wake ulijulikana tangu 1961, pale Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, aliporudia hesabu aliyokwisha kuifanya. Safari hii aliingiza 0.506 badala ya 0.506127, akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ndani ya kompyuta ilikuwa imeshika njia nyingine kabisa. Na kwa kuwa hakuna aijuaye hali ya leo ya kila pembe ya anga na bahari hadi tarakimu ya sita, wataalamu hawaendeshi modeli mara moja wakaridhika. Kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya huendesha modeli yake ya msimu mara 51, kila mara kwa tofauti ndogo mwanzoni, kisha hutazama matokeo yameelemea wapi.

Kuelemea huko ndiko kunakogeuzwa asilimia. Chukua rekodi ya mvua ya Machi hadi Mei kwa miaka 30, toka 1991 hadi 2020. Ipange kuanzia msimu mkavu kuliko yote hadi ule wa mvua nyingi kuliko yote, kisha uigawe mafungu matatu, kumi kumi: mvua haba, mvua ya wastani, mvua nyingi. Asiyejua lolote kuhusu msimu ujao atalipatia kila fungu asilimia 33. Tuseme sasa kati ya zile safari 51 za modeli, 23 zimeangukia mvua nyingi, 18 wastani, 10 haba. Ramani itasema 45, 35, 20. Eneo litapakwa rangi ya mvua nyingi kwa sababu fungu hilo ndilo kubwa, ilhali nafasi ya kutoipata mvua hiyo ni 55. Na katika kila misimu kumi yenye utabiri wa namna hii, tutarajie miwili iwe mikavu bila modeli kuwa na kosa lolote.

Kwa mama wa Ndanai mwenye ng'ombe wa maziwa, hiyo 20 ndiyo habari. Akiambiwa tu kwamba mvua kubwa inakuja, ataona hana haja ya kuweka akiba ya nyasi. Akiambiwa ukame una nafasi moja kati ya tano, atapiga hesabu ya bei ya nyasi kavu wakati wa kiangazi na huenda akakata nyasi zake mapema. Mwenzake mwenye majani chai kule juu Konoin atatazama ile 45, maana mbolea iliyowekwa siku chache kabla ya mvua ya kusomba udongo ni pesa iliyotupwa mtoni. Ramani ni moja, lakini kila mtu ana tarakimu yake.

Asilimia hupotea hata mikononi mwa wakubwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zile kali zaidi kuwahi kupimwa. Wakenya wakasubiri mafuriko kama yale ya El Niño ya 1997, hayakuja kwa ukali ule, na wataalamu wakachekwa. Mapema Oktoba 2023 Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba El Niño haitakuja tena, ni mvua nyingi tu isiyofikia kiwango cha maafa. Wakati huo El Niño ilikuwa imekwishatangazwa katika Pasifiki tangu Juni. Kufikia Desemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu mia moja nchini. El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya Pasifiki ya tropiki, na mvua yetu ya vuli hutegemea pia joto la Bahari ya Hindi. Vuli ya 2019 ilifurika bila El Niño ya maana, kwa sababu maji ya upande wetu wa bahari hiyo yalikuwa na joto kupita kiasi. Kuuliza "inakuja au haiji?" ni kutaka jibu la ndiyo au la pale ambapo sayansi ina kiwango cha uwezekano tu.

Lipo jambo la pili ambalo ramani ya simu hailionyeshi. Modeli nyingi za dunia huigawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita mia hivi. Mraba mmoja wa aina hiyo unaweza kumeza Ndanai, Kericho, Kisii na kipande cha Ziwa Viktoria, na ndani yake kimo cha ardhi ni kimoja. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya chai ya Kericho yako karibu mita 2,000. Mchana upepo wa ziwani hupanda miinuko hiyo, hukutana na upepo wa mashariki, mawingu yanafura, na jioni mvua ya mawe inachana majani chai. Modeli ya mraba mpana haioni mlima wala ziwa sawasawa, basi itaionaje mvua ya mawe? Shirika la hali ya hewa la Uingereza lilitengeneza modeli ya Afrika yenye miraba ya kilomita 4.5. Ilionyesha kwamba mwishoni mwa karne hii mvua za ghafla zitaongezeka ukali kuliko modeli pana zilivyodhani, na vipindi vya ukavu katikati ya msimu vitarefuka, hasa Afrika Magharibi na ya Kati.

Hata hivyo tusizipe modeli sifa zisizo zao. Nyingi husema masika ya Afrika Mashariki yataongezeka, ilhali kuanzia miaka ya 1980 hadi takriban 2009 yalikuwa yakipungua, na toka 2020 hadi 2022 Pembe ya Afrika ilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo, ya masika na ya vuli. Wanasayansi hawajalimaliza fumbo hilo. Heri mkulima aambiwe hivyo kuliko kufichwa.

Njia ya kumwambia ipo. Kule Bunyore, Vihiga, waganga wa mvua wa ukoo wa Nganyi wamewahi kuketi na wataalamu wa hali ya hewa, wakalinganisha dalili za miti na wadudu na matokeo ya modeli, kisha utabiri wa pamoja ukatangazwa redioni kwa lugha ya wenyeji. Nguvu ya mpango ule naiona mahali pamoja: msemaji anaishi kijijini, na watu wanaweza kumfuata nyumbani kumuuliza. Kwa Bomet na Kericho, redio za Kikalenjin zinasikilizwa kuanzia Ndanai hadi Litein. Hazishindwi kutamka "nafasi mbili kati ya kumi".

Nawe msomaji, ukitumiwa ramani ya msimu isiyo na asilimia, usiipeleke mbele. Mtafute mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti yako, umuulize tarakimu zote tatu.