Ajali za Kichwa: Lini Mwanachama Apelekwe Kupigwa Picha ya Ubongo



Katika ukaguzi wa vyama vya msingi liko swali linalojirudia, nalo halihusu mizani wala stakabadhi. Mwanachama ameanguka kutoka juu ya lori la pamba, au bodaboda imemtupa, au jiwe limemwangukia ndani ya duara huko Geita. Amezirai kidogo, kisha ameamka na kuomba maji. Je, chama kitoe fedha za dharura apelekwe mjini kupigwa picha ya ubongo, au apewe Panadol alale? Vyama vingine humsafirisha kila aliyevimba paji la uso. Vingine hungoja mpaka mgonjwa hawezi tena kusema.

Ieleweke kwanza kwamba ukubwa wa kidonda si kipimo. Ngozi ya kichwa hutoa damu nyingi hata ikichanika kidogo. Damu ya kuhofiwa ni ile inayovuja ndani ya fuvu, kwa maana fuvu halitanuki, na damu ikiongezeka ubongo hubanwa. Ndiyo sababu mtu aweza kuamka, akatania wenzake, kisha baada ya saa chache akazimia. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa uliovunjika, haionyeshi damu hiyo. Huonyeshwa na mashine ya CT, iliyotumika kwa mgonjwa mara ya kwanza London mwaka 1971.

Hata hivyo si kila aliyejigonga anaihitaji. Madaktari wa Kanada walichunguza watu wazima 3,121 waliozirai kidogo, kusahau au kuchanganyikiwa baada ya kuumia kichwa, wakatoa matokeo mwaka 2001. Waliohitaji huduma ya haraka ya ubongo, kama vile upasuaji, walikuwa kama 1 katika kila 100. Hatari ni kubwa ikiwa saa 2 baada ya ajali mgonjwa bado hajarudiwa na akili zake sawasawa; ikiwa ametapika mara 2 au zaidi; ikiwa fuvu limebonyea; ikiwa damu au maji maangavu yanatoka sikioni au puani, au macho yote mawili yamezungukwa na weusi; au ikiwa ana miaka 65 au zaidi. Picha hufikiriwa pia kwa asiyekumbuka mambo ya nusu saa au zaidi kabla ya ajali, kwa mwenda kwa miguu aliyegongwa na gari, kwa aliyerushwa nje ya gari, na kwa aliyeanguka kutoka kimo kinachozidi mita 1 hivi. Wachimbaji walizingatie hilo la mwisho, maana ni maduara machache yasiyofikia kimo hicho.

Saa 2 hizo zilihesabiwa na watu walio karibu na mashine. Kwetu njia ni ndefu. Anayejibu ovyo aanze safari mapema. Watoto walio chini ya miaka 16, waliopatwa na degedege baada ya ajali, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda hawamo katika kanuni hiyo: waonwe na daktari bila kujadiliana. Na mlevi aliyeanguka asiachwe kwa kusema ni pombe tu.

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Mganga ndiye atakayeamua, naye apige simu kuuliza kama mashine ya hospitali ya mkoa, au ya Bugando, Mwanza, inafanya kazi siku hiyo. Fomu ya PF3 ifuatwe polisi na mtu mwingine, mgonjwa asicheleweshwe. Katibu aandike kwenye karatasi saa ya ajali, muda aliozirai na idadi ya kutapika. Karatasi hiyo iende naye, kwa kuwa daktari atauliza hayo kabla ya mengine.

Akirudishwa nyumbani, asilale peke yake usiku wa kwanza. Mzee aliyeanguka aangaliwe hata majuma kadhaa: maumivu ya kichwa yanayozidi, au mguu unaoburuta, ni sababu ya kurudi hospitali.

Kuhusu gharama, makatibu wengi huogopa hoja ya ukaguzi. Safari iliyoidhinishwa na kamati kwa mujibu wa masharti ya chama, ikiwa na hati ya malipo na karatasi ya mganga, ni matumizi halali.