Winga, dalali na mkataba

Neno winga limekaa katika Kiswahili muda mrefu hata tumesahau kuwa ni mgeni. Liliingia katika ngeli ya A-WA bila kupiga hodi, likachukua wingi wa ma- kama walivyofanya refa, kocha na dalali: winga anakimbia, mawinga wanakimbia. Mpenzi wa kandanda hahitaji kuelezwa kazi yake. Ndiye mchezaji akaaye pembeni, karibu na chaki, mwenye kasi na chenga, ambaye huumimina mpira katikati ili mwenzake afunge na kubebwa mabegani.

Huko Dar es Salaam, hasa katika soko la Kariakoo, neno hilo limezaa maana ya pili. Winga wa Kariakoo ni kijana asiye na duka lake, asimamaye njiani akimpokea mteja, akampeleka kwenye duka la mtu mwingine na kupata chake katikati ya bei. Waliolibuni walikuwa na jicho kali. Waliona kwamba mchezaji wa pembeni hulisha goli ambalo si lake, nao wakaona kazi yao ndiyo hiyo.

Nimelitanguliza neno hili kwa sababu maana zake mbili hukutana katika maisha ya kila kijana wetu anayekwenda kucheza soka ya kulipwa ng'ambo. Huyo wa kwanza anakimbia. Huyo wa pili anamtafutia duka. Na baina yao pana karatasi iitwayo mkataba, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa lugha ambayo mwenye miguu haijui vyema.

Hebu tutazame mifano miwili. Ayub Timbe Masika alizaliwa Nairobi mwaka wa 1992. Soka yake ya kulipwa ilianzia Ubelgiji, akiwa Genk na baadaye Lierse. Mwaka wa 2017 alihamia Uchina kuichezea Beijing Renhe, na Januari 2020 klabu hiyo ikamtoa kwa mkopo kwenda Reading ya Uingereza. Kisha akaenda Vissel Kobe ya Japani, na baada yake Buriram United ya Thailand. Sisi tulio katika taaluma ya isimu hatuwezi kuisoma orodha hiyo bila kuhesabu lugha: Kiholanzi, Kichina, Kiingereza, Kijapani, Kithai. Uwanjani mambo si magumu sana, kwani pasi haihitaji tafsiri. Ugumu huanza filimbi ya mwisho inapolia, mchezaji anapotakiwa kumweleza daktari mahali panapouma, kumuuliza mwenye nyumba kuhusu kodi, au kutia sahihi.

Wa pili ni Simon Msuva wa Tanzania. Alijiunga na Yanga mwaka wa 2012, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya nchi hiyo msimu wa 2014/15 kwa mabao 17, na akarudia sifa hiyo msimu wa 2016/17 kwa mabao 14, safari hii akiwa sare na mwenzake. Jambo hilo si la kawaida kwa mtu wa pembeni. Mwaka wa 2017 akaenda Difaâ El Jadida ya Moroko, na mwaka wa 2020 akahamia Wydad Casablanca. Baada ya hapo alizichezea Al-Qadsiah ya Saudia, JS Kabylie ya Algeria, Al-Najma ya Saudia na Al-Talaba ya Baghdad. Wakenya hawana haja ya kujulishwa kwake. Ndiye aliyelitikisa lango la Harambee Stars katika dakika ya 6, jijini Cairo, tarehe 27 Juni 2019, katika mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika ambayo Kenya iliishinda Tanzania 3-2. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amefunga bao la kwanza Taifa Stars ilipoinyuka Uganda 3-0 na kufuzu kwa michuano hiyo kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Magazeti yetu yaliyajaza mabao hayo kurasa nzima. Lakini sura ya maisha ya Msuva ambayo mimi ningependa kila mwanafunzi aijue ni ile isiyo na bao. Alipokuwa Wydad palizuka mgogoro kuhusu malipo yake. Aliacha kuichezea klabu hiyo, akarudi nyumbani na kulifikisha shauri lake kwa FIFA. Wydad ilipotwaa Klabu Bingwa Afrika Mei 2022, yeye hakuwa uwanjani. FIFA ilimpa haki yake.

Alishinda kwa sababu kanuni zipo, na kwa sababu zilifuatwa. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu, kilichoongezwa mwaka wa 2018, kisemacho kwamba klabu isiyomlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria inampa sababu ya haki ya kuuvunja mkataba, mradi aiandikie kwanza na kuipa angalau siku 15 ilipe deni lote. Mchezaji ajuaye hilo huandika barua. Asiyejua hukasirika, hufunga virago usiku, na asubuhi yeye ndiye anayeitwa mvunja mkataba.

Inafaa tuyaangalie maneno yenyewe, maana yamebeba historia. Mshahara limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi: ni malipo ya mwezi kwa mwezi, na malipo yasiyokuja mwezi hata mwezi yamelisaliti hata jina lake. Mkataba limetoka katika mzizi uleule uliotupa kitabu na katibu, na shina lake ni kuandika. Katika sheria ya Kiislamu, mukataba ulikuwa pia hati baina ya bwana na mtumwa wake, ambayo kwayo mtumwa aliununua uhuru wake kwa mafungu. Simfananishi mcheza soka na mtumwa. Hata hivyo, kabla ya Desemba 1995 ulimwengu wa soka ya Ulaya ulikuwa ukimzuia mchezaji aliyemaliza mkataba wake asiondoke mpaka klabu mpya itoe fedha. Aliyeivunja desturi hiyo mahakamani ni Jean-Marc Bosman, Mbelgiji, mchezaji wa kawaida wa klabu ya Liège. Uhuru alioupata ndio ambao leo kijana wa Nairobi anaweza kuutumia, iwapo ameusikia.

Je, ataupata wapi? Kiswahili chetu cha kandanda kimekomaa, na sifa nyingi ziwaendee watangazaji. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alitangaza mpira kutoka Sauti ya Kenya kwa namna iliyomfanya msikilizaji wa Lodwar auone uwanja wa Nairobi. Maneno yake "Kadenge na mpira" yamebaki vinywani mwa watu ambao hawakuwahi kumwona Joe Kadenge akicheza. (Kadenge aliaga dunia tarehe 7 Julai 2019, siku ambayo baadaye UNESCO iliifanya Siku ya Kiswahili Duniani.) Tunazo chenga, krosi, kombora, kutia kimiani, kucheka na nyavu. Tunaweza kueleza kwa njia kumi jinsi mpira ulivyoingia golini. Ila kijana akiuliza kwa Kiswahili jinsi fedha zinavyoingia mfukoni mwake, au zinavyoutoka, twaanza kugugumia na kukimbilia Kiingereza. Kanuni za FIFA hazina tafsiri rasmi ya Kiswahili, na panapotokea tofauti baina ya lugha zake, maandishi ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu. Mtihani wa leseni ya uwakala ulioanzishwa mwaka wa 2023 ulifanywa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Hii ndiyo lugha iliyofanywa ya kazi katika Umoja wa Afrika mwaka wa 2022!

Mambo haya yanahusu mtaa. Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Ngong, ukaiacha Kilimani na magorofa yake upande mmoja, utafika Woodley na Jamhuri, na nyuma yake Kibera. Ni mwendo wa miguu kutoka kwenye nyumba za mamilioni hadi kwenye viwanja vya vumbi ambako vijana hucheza mpaka giza liingie. Huko Jamhuri ndiko ulikoanza kujengwa, mwaka wa 2024, uwanja wa Talanta wa watazamaji wapatao 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Septemba 2023. Kila jengo kubwa la michezo huvuta watu wa aina mbili: wenye vipaji na wenye kuvitafutia soko. Sina ugomvi na dalali. Biashara haiendi bila yeye, na wapo waaminifu. Nina ugomvi na ujinga tunaomwachia mchezaji anapokutana naye.

Chukua mambo machache tu. Kijana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wake kuhamia nchi hiyo kwa shughuli zisizohusiana na soka. Kwa hiyo mtu anayemwambia mama wa mtoto wa Kidato cha Pili kwamba klabu ya ng'ambo inamsubiri mwanawe kesho, anamwambia jambo ambalo kanuni zimekwisha kulikataza. Mkataba wa aliye chini ya miaka 18 hauwezi kuzidi miaka mitatu; wa mtu mzima, kwa kawaida, mitano. Mkataba baina ya mchezaji na wakala wake usizidi miaka miwili. Nalo hili ni kubwa: uhalali wa mkataba hauwezi kufungwa na sharti la kufaulu vipimo vya daktari wala la kupata kibali cha kazi. Vipimo hufanywa kabla ya sahihi. Klabu iliyokwisha kutia sahihi haiwezi kumrudisha mtu uwanja wa ndege kwa kisingizio cha goti.

Kuna fedha za wanaobaki pia. Mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine mkataba wake ukiwa haujamalizika, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, mlezi hupata asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila msimu wa 16 hadi 23, asilimia 0.5. Tuseme winga ameuzwa kwa dola milioni moja. Klabu ndogo iliyokaa naye misimu minne, tangu wa miaka 16 hadi wa 19, inastahili dola 20,000. Mwalimu wa hesabu anaweza kulifanya hilo kuwa swali la asilimia kesho asubuhi. Lakini mwalimu wa michezo na aendelee kusoma: hulipwa klabu iliyosajiliwa chini ya shirikisho la nchi, ambayo jina la mchezaji limeandikwa kwake msimu kwa msimu. Timu ya mtaa isiyo na daftari haipati kitu. Shule iliyomnunulia viatu, ikamlipia nauli ya mashindano na kumsamehe karo, nayo haihesabiwi ikiwa si klabu. Katika nchi ambayo vipaji vingi vya soka vimepitia shule za sekondari, hilo si jambo dogo, na sijaona chama chochote cha walimu kikilishughulikia kwa dhati.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, ambako mmoja wa mikondo mitatu ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Nimesikia wazazi wakiudharau kuwa ni mkondo wa walioshindwa. Mimi nauona kuwa ndio mkondo unaohitaji usomaji makini kuliko yote, kwa kuwa atakayeufuata anaweza kukabidhiwa hati nzito ya kisheria akiwa na miaka 18, katika chumba cha hoteli, mbele ya watu watatu asiowajua, mmoja wao akitazama saa.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu wa Kiswahili ni la kazi, halihitaji idhini ya wizara. Ufahamu unaosomwa darasani si lazima uwe hadithi ya sungura na fisi au hotuba ya kiongozi. Andika mkataba wa kubuni wa ukurasa mmoja. Weka mshahara, na pasipo kusema, acha wazi kama ni kabla ya kodi au baada yake. Weka nyumba na tikiti za ndege, uone nani atauliza ni ngapi kwa mwaka na za nani. Weka kifungu cha jeraha. Weka mahali ambapo mashauri yatasikilizwa. Kisha, karibu na mwisho, ambapo macho huwa yamechoka, weka sentensi hii: "Klabu ina hiari ya kuurefusha mkataba huu kwa mwaka mmoja kwa masharti yaleyale." Waulize wanafunzi hiari hiyo ni ya nani, na wauandike upya mstari huo kwa namna ambayo winga naye atakuwa na hiari. Wape dakika 40. Nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi la aina hii, na waliosahihisha sentensi hiyo kwa kuongeza maneno "na mchezaji, kwa makubaliano ya maandishi" walikuwa wachache kuliko nilivyotarajia. Wengi waliisahihisha tahajia.