Sheikh Amri Abedi: Kutoka Umeya hadi Uwaziri

Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Kabla ya siasa alijulikana kwa dini na ushairi. Akiwa mhubiri wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, alishiriki kutafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka mwaka 1953. Mwaka uliofuata kilichapishwa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichofafanua kanuni za vina na mizani.

Dar es Salaam ilikuwa manispaa tangu 1949. Waafrika ndio waliokuwa wengi mjini, lakini kiti cha meya kilikaliwa na watu wa jamii nyingine. Makazi yenyewe yaligawanyika: viwanja vya Mnazi Mmoja viliitenga Kariakoo, walikoishi Waafrika, na Uhindini, walikoishi Wahindi. Upande huo wa Kariakoo, katika mtaa wa New Street ambao leo ni Lumumba, ndiko TANU, chama kilichodai uhuru, ilikokuwa na ofisi yake.

Mwaka 1960 Amri Abedi alichaguliwa kuwa meya. Meya huchaguliwa na madiwani na ndiye anayeongoza vikao vyao. Baraza la madiwani hushughulikia mambo yanayomgusa mkazi kila siku: barabara za mitaa, taka, leseni za biashara na masoko. Hivyo hata kabla ya uhuru wa Desemba 1961, mabadiliko ya utawala yalikwisha kuonekana mjini.

Baada ya uhuru aliingia serikalini. Mwaka 1962 aliteuliwa kuwa mkuu wa mkoa, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Wakoloni walikuwa wameacha mahakama za wenyeji zikiwa mbali na mahakama nyingine. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliziunganisha katika ngazi moja: mahakama ya mwanzo, ya wilaya, kisha Mahakama Kuu.

Lililobaki gumu ni lugha. Sheria ziliandikwa kwa Kiingereza, na aliyeshtakiwa aliweza kuhukumiwa kwa maneno asiyoyaelewa. Waziri huyu mshairi alihimiza istilahi za sheria zitafutwe kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilimhusisha A. B. Weston, mkuu wa Kitivo cha Sheria cha chuo kikuu, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kamusi ya sheria ilitoka mwaka 1968.

Amri Abedi hakuiona. Mwaka 1964 alihamishiwa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa, na Oktoba mwaka huohuo alifariki dunia akiwa Ujerumani. Uwanja wa michezo wa Arusha unaitwa kwa jina lake. Suala la lugha nalo lilisonga mbele: mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania.